Kumi na Mmoja Tuliokataa Kurudia Darasa la Saba

Kama ulisoma shule ya msingi Eastlands enzi zile sweta linanunuliwa kubwa ili ulivae mpaka likubane, huhitaji kuelezwa siku ya kufunga shule ilivyokuwa. Sakafu tumeisugua kwa magunia na maji ya sabuni. Madawati yametolewa nje yakauke juani. Kucha zimekatwa kwa wembe mmoja uliozunguka ploti nzima mlango kwa mlango, na hakuna aliyekufa. Kwetu Baba Dogo hata hewa ilikuwa na ratiba yake: asubuhi harufu ya sabuni kutoka kiwandani alikofanya kazi mama, mchana chuma kinachochomelewa, jioni omena, vile visamaki vya majirani, zikiwa kwenye mafuta. Ungenifunga kitambaa machoni ukaniuliza ni saa ngapi, ningekujibu kwa pua.

Siku hiyo ilikuwa na zawadi pia. Watoto wa leo wakisikia zawadi wanawaza simu. Sisi nambari moja alipewa beseni la plastiki, nambari mbili sahani, nambari tatu kikombe. Beseni lile lilibebwa kichwani mtaa mzima, na mama wa mshindi angeliosha nje ya mlango wake wiki nzima hata kama halikuwa na uchafu, ilimradi sisi wengine tupite tuone.

Mimi sikuwahi kuleta nyumbani hata kijiko. Naitwa Mwikali, mtoto wa pili wa mchonga vinyago aliyefanya kazi kwenye karakana moja karibu na Majengo. Nilikuwa mtoto wa katikati kwa kila kitu: si mrefu si mfupi, si mtundu si mpole, na kwenye orodha ya darasa nilikaa mahali ambapo mwalimu akisoma majina anaanza kupiga miayo. Hesabu ndizo zilizonimaliza. Nikiona sehemu na desimali, niliomba ruhusa ya kwenda choo.

Basi, mwaka tuliomaliza darasa la saba, tulipanga mistari kwenye paredi kama kawaida. Hedmasta wetu alikuwa mtu wa suti ya kahawia na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya buluu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna miaka nilimchukia hadi nikasahau kwamba ndiye aliyekuwa akitukatia nyasi za uwanja kwa mikono yake. Mabeseni yakatolewa, makofi yakapigwa, halafu akafungua karatasi nyingine.

"Wafuatao," akasema, "watarudia darasa la saba mwaka ujao, kwa manufaa yao wenyewe."

Manufaa yetu wenyewe! Hata sisi watoto tulijua manufaa yalikuwa ya nani. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa na kitu kinachoitwa wastani wa shule, na wastani huo ulilinganishwa na wa shule jirani kama watu wanavyolinganisha mabati ya nyumba zao. Kumfundisha mtoto dhaifu ni kazi ndefu. Kuhakikisha hafiki kwenye chumba cha mtihani ni kazi ya karatasi moja.

Akasoma majina kumi na moja. Timu nzima ya mpira, bila wa akiba. Wa pili alikuwa Atieno, rafiki yangu wa dawati moja, binti wa mfanyakazi wa reli. Wa nne nilikuwa mimi. Wa mwisho alikuwa Wafula, mvulana aliyeweza kuongea kutoka kengele ya kwanza mpaka ya mwisho bila kumeza mate. Nyuma yetu watoto wakaanza kunong'ona, kisha kuimba chinichini: "Marudio! Marudio!" Ndivyo vilivyoitwa vipindi vya televisheni vilivyoonyeshwa mara ya pili, vile ambavyo ukivikuta unazima.

Nakumbuka nilitazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Nilikitazama hadi paredi ikaisha.

Watu walipotawanyika, Mwalimu Nekesa akasimama mlangoni mwa darasa. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bungoma, mwenye viatu vya raba na sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa mto. Ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa, na mwaka uliofuata angepanda na darasa lake hadi la nane.

"Ninyi kumi na mmoja," akasema, "ingieni ndani."

Tukaingia, tukakaa sakafuni kwa sababu madawati yalikuwa bado nje. Akafunga mlango.

"Nani hapa anataka kurudia?"

Wafula akawahi: "Mwalimu, mimi sirudii. Labda waniburute na winchi."

"Kutotaka si mpango, Wafula. Hata mimi sitaki kuzeeka."

Akararua daftari, akatugawia nusu karatasi kila mmoja. Tukajua tunaandikishwa ndoto, kama ilivyokuwa desturi kila mwisho wa mwaka, na nikaanza kuandika neno "daktari" kwa mwandiko mzuri. Akaninyang'anya karatasi.

"Sitaki daktari. Sitaki rubani. Hizo mmeandika tangu darasa la kwanza na hakuna hata mmoja aliyepaa. Andika jambo moja dogo utakalofanya kila siku, kuanzia kesho mpaka siku ya mtihani. Liwe dogo kiasi kwamba ukilikosa huna wa kumlaumu."

Tulikaa pale muda mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Kusema utakuwa rubani ni rahisi, hakuna atakayekuuliza kesho. Mwishowe nikaandika: hesabu kumi kila asubuhi kabla ya chai. Atieno, ambaye Kiingereza kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, akaandika kwamba atasoma ukurasa mmoja kwa sauti kila siku, na kama hana kitabu atasoma gazeti lililofungia nyama. Wafula aliandika neno moja tu: Nitanyamaza.

Mwalimu alilitazama neno hilo akatikisa kichwa. "Wewe ndiye umechagua mlima."

"Mwalimu," Atieno akauliza, "na hedmasta je?"

"Hedmasta amesoma orodha. Mimi nimesoma madaftari yenu, na ninajua kilichomo na kisichomo. Mzazi aweke sahihi kwenye hiyo karatasi. Januari, aliyetimiza alichoandika aje darasa la nane. Mlango wangu utakuwa wazi. Kitakachotokea baada ya hapo sikijui, na mimi nina mkubwa wangu kama ninyi."

Leo nikiwa mtu mzima mwenye wakubwa wangu kazini, ndiyo naelewa maneno hayo yalikuwa mazito kiasi gani.

Nyumbani mama alikuwa ndio ametoka zamu, unga wa sabuni bado umemshika kwenye nyusi. Alisoma ripoti mara mbili. "Kurudia? Kwani wewe ni sufuria iliyobaki masizi, uoshwe tena?" Kisha akaanza kusema atakayomfanyia hedmasta, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya paredi.

Baba hakuacha kazi yake. Alikuwa amekaa kwenye kibao akimpiga msasa twiga wa mti wa muhugu, vumbi jekundu magotini. Aliponyoosha mkono nikampa karatasi zote mbili, ripoti na ile ya ahadi. Akasoma polepole, maana alisoma kama alivyochonga.

"Hii ya kwanza imeandikwa na nani?"

"Shule."

"Na hii?"

"Mimi."

"Umelazimishwa?"

"Hapana."

Akachukua kalamu, akaweka sahihi kwenye ahadi yangu. Ripoti, iliyodai sahihi ya mzazi, hakuitia sahihi, akairudisha kwenye bahasha. "Twiga hatoki kwenye gogo kwa hasira," akaniambia. "Unatoa kidogo leo, kidogo kesho. Ukikosa siku moja, mbao haijui. Lakini mkono unajua."

Jamani, Desemba ya Eastlands! Nani aliyebuni kusoma Desemba? Wasichana walikuwa kwenye kati, mpira ni soksi iliyoshindiliwa karatasi, na ukipigwa mgongoni ni nje. Wengine walikuwa wakiruka blada mpaka uzi unafika kwapani. Wavulana walipiga bano, zile gololi, kwenye vumbi hadi magoti yanafanana na ya ngamia. Mabuyu yalitufanya midomo myekundu kama tumechinja. Na mimi niko kwenye ngazi ya mlango na daftari, nahangaika na sehemu, tatu juu ya saba, nikisikia, "Mwikali, toka! Tunakungoja wewe!" Nilikuwa nafanya hesabu huku machozi yananitoka, si ya uchungu wa kimaisha, ni ya kati tu. Leo kijana akizimiwa intaneti kwa dakika kumi anasema anapitia mengi. Mwanangu, keti tuongee.

Jumamosi sisi kumi na mmoja tulikutana kwenye ukuta nyuma ya kanisa. Hakuna mwalimu aliyetuambia tukutane. Wafula ndiye aliyeanzisha, kwa sababu alikuwa amenyamaza wiki nzima na alihitaji mahali pa kupumulia. Kila mmoja alionyesha alichofanya. Atieno alikuja na vipande vya magazeti vyenye madoa ya mafuta, akatusomea habari za bei ya kahawa, tangazo la mbuzi aliyepotea, na nusu ya hotuba ya mtu mkubwa ambaye picha yake ilikatwa kichwa na kisu cha bucha. Alisoma vibaya sana. Tulicheka, naye aliendelea mpaka mwisho.

Krismasi tukaenda Ukambani kwa nyanya. Mbuzi akachinjwa, binamu wakafika, na mimi nikakosa siku tatu. Niliporudi nilipanga kudanganya, nikafika ukutani na uso wa padri. Atieno akanitazama mara moja tu.

"Umekosa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu na leo. Kumi mara nne ni ngapi?"

"Arobaini."

"Si unaona hesabu unazijua? Kaa chini."

Nikakaa kwenye changarawe, nikafanya arobaini, jua likinichoma utosi, wenzangu wakinisubiri bila kuondoka. Sijawahi kukosa tena mwaka ule.

Januari ikafika. Asubuhi ya kwanza tukaingia darasa la nane kwa mstari, kumi na mmoja, karatasi zetu zenye sahihi mkononi. Mlango ulikuwa wazi kama tulivyoahidiwa. Hatukuwa hata tumeketi, hedmasta akatokea.

"Madawati ya hapa yamehesabiwa," akasema. "Ninyi yenu yako darasa la saba. Tokeni."

Tukatoka. Lakini tulipofika nje, Atieno akasimama kwenye korido chini ya dirisha, akaweka mkoba chini, akaketi juu ya saruji, mgongo ukutani. Sikumbuki nani alifuata. Nakumbuka tu kwamba baada ya dakika moja sote tulikuwa tumekaa, na kwamba ndani Mwalimu Nekesa alianza kufundisha kwa ile sauti yake ya ng'ombe, dirisha wazi, akiandika ubaoni herufi kubwa kama za bango la duka.

Tulikaa pale siku tatu. Wenzetu waliruka miguu yetu kwenda choo. Watoto wa madarasa ya chini walikuja kututazama wakati wa mapumziko kama wanaotazama ajali. Hedmasta alipita mara nne kwa siku, kila mara akisema turudi darasa la saba, nasi kila mara tukisema, "Ndiyo, mwalimu," na kubaki pale pale. Hatukuwa jasiri, tusidanganyane. Siku ya pili makalio yameuma na kiu imenikaba, nikamwambia Atieno, "Twende tu la saba. Kule kuna dawati."

"Enda," akajibu, bila kuinua macho kwenye daftari. "Mimi kiuno changu kimeshazoea saruji."

Sikuenda. Ningewezaje kwenda?

Siku ya tatu mama akaja, bado amevaa koti la kiwandani na kitambaa kichwani. Nyuma yake alikuwa baba, kisha baba yake Atieno kwenye koti lake la reli, kisha mama yake Wafula na mtoto mgongoni, na wengine wawili watatu. Ofisi ilikuwa ndogo na mlango haukuweza kufungwa, kwa hivyo tulisikia yote.

"Mwalimu," mama akaanza, "nimeomba nusu siku kazini na sitapewa nyingine, kwa hivyo nitasema mara moja. Mwanangu si uchafu wa kufagiliwa chini ya mkeka wageni wakija."

"Mama, wewe huulizwi," hedmasta akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Wastani ukishuka naulizwa mimi. Naitwa mbele ya wenzangu, nasimamishwa kama mtoto. Hilo mnalijua?"

"Basi unajua wanavyojisikia," mama akasema.

Ndipo baba, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea ofisini kwa mtu, akakohoa. "Mwalimu, kinyago kikinishinda sikitupi kabla sijamaliza kukichonga. Huyu hujammaliza bado. Ni gogo tu."

"Usimwite mwanangu gogo!" mama akamgeukia.

Watu wakacheka, hata mama yake Wafula aliyekuwa amefika akilia. Niliinua shingo nikaona hedmasta naye ameficha mdomo kwa mkono. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo maneno yasingeweza. Alipotoa mkono mdomoni akasema, "Haya. Mtihani wa muhula wa kwanza. Nusu ya alama zote. Asiyefika, Aprili anarudi la saba, na sitaki mzazi yeyote hapa."

"Tumekubaliana," mama akasema, kana kwamba ndiye aliyetoa sharti.

Tukaingia darasani. Madawati hayakuwepo kweli, tukabanana watatu watatu, kalamu zikigongana, na hakuna aliyelalamika.

Muhula ule sitaueleza sana, kwa sababu hauna hadithi. Ni hesabu kumi, halafu hesabu kumi, halafu hesabu kumi. Kuna siku nilizipata zote na kuna siku nilikosa zote, na mwalimu alitia alama kwa uso ule ule. Karibu na Machi nikagundua siombi tena ruhusa ya choo nikiona desimali. Hakukuwa na siku moja ya muujiza, nilisahau tu kuogopa.

Aprili matokeo yakabandikwa. Wanane tulipita. Wafula alipita kwa alama moja, akaduwaa hata akasahau kuongea. Watatu hawakufika: wavulana wawili, na Atieno. Alikosa alama nne.

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sauti, kwa sababu bila yeye ningekuwa nimerudi la saba tangu siku ya pili ya korido. Yeye alipanga vitabu vyake mkobani kimoja kimoja. Nikamwambia twende kwa hedmasta, tumwite mama, ni alama nne tu.

"Tulikubaliana nusu," akasema. "Mimi si wa kukubali nusu nikifika na kuikataa nisipofika."

Nikamsindikiza hadi mlango wa darasa la saba. Watoto wadogo kuliko sisi walikuwa wamejaa dirishani wakingoja, na wimbo ukaanza: "Marudio! Marudio!" Atieno akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kushoto na kulia kama mgeni wa heshima anayekaribishwa kwenye harusi. Wimbo ukakatika wenyewe. Kisha akanigeukia.

"Mwikali, nimerudi darasa. Sijarudi nyuma. Jumamosi tupatane ukutani."

Na Jumamosi alikuja. Na iliyofuata. Mmoja wa wale wavulana wawili alikaa naye darasa la saba. Wa pili, Mutinda, hakuonekana tena shuleni baada ya Pasaka. Tulimfuata kwao mara mbili, mara ya tatu tukakuta chumba kina wapangaji wengine. Hadi leo nikikutana na mtu wa Baba Dogo wa rika letu namuuliza habari zake, na hakuna anayejua. Simtaji hapa kwa ajili ya kupamba. Alikuwa mmoja wetu.

Novemba tukafanya mtihani. Sikuongoza, sikupigwa picha, sikubebwa juu. Nilipata nafasi kwenye shule ya kutwa isiyo na jina, na hiyo ilinitosha kusonga mbele. Na wastani wa shule, kwa kuwa nataka kusema ukweli, ulishuka. Kidogo, lakini ulishuka. Hedmasta hakuhamishwa wala dunia haikuisha, na mimi mpaka leo siombi msamaha. Shule ni ya watoto. Kama kuna namba inayopendeza kwa sababu mtoto amefungiwa nje, namba hiyo na ishuke.

Nilipokwenda kuchukua matokeo, hedmasta alinisukumia karatasi juu ya meza, akanitazama kwa muda. "Wewe ulikuwa wa kurudia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hm," akasema.

Hiyo "hm" nimeitunza kuliko vyeti vyangu vyote.

Leo mimi ni mpima ardhi. Ndiyo, hesabu. Wafula anaendesha lori la masafa marefu na anaongea peke yake hadi mpakani. Atieno alifanya mtihani mwaka uliofuata akapita vizuri kunizidi, na sasa ni muuguzi Kisumu, akiongoza wodi nzima ya wazazi wapya, ambao nasikia wanamtii kama tulivyomtii.

Mwezi huu nilialikwa shule moja Mowlem, huko huko Eastlands, siku ya kufunga, niwatie moyo wanafunzi wa gredi ya tisa. Nilikuta vijana warefu, wasafi, nywele zimenyolewa kwa mitindo ambayo enzi zetu ingekufanya uchapwe mbele ya paredi nzima. Nikawauliza malengo yao. Wengi wanataka kutengeneza video. Mmoja akaniambia malengo yake ameyaweka kwenye stetasi ya simu. Nikamwambia stetasi hufutika baada ya siku moja, labda ndiyo maana unaipenda. Wakacheka, na kwa kweli nilikuwa tayari kuendelea kuwacheka mpaka nirudi nyumbani.

Ndipo msichana wa safu ya tatu akainua mkono. "Madam, kama umeambiwa huwezi, na ukijiangalia unaona ni kama ni ukweli?"

Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna mtu, ni matokeo tu, yalikuja kwa simu ya mamake. Aliyasoma akiwa peke yake ndani ya nyumba, akayafuta kabla mama hajarudi. Mpaka siku ile alikuwa hajamwambia mtu, na sasa alikuwa amewaambia watu mia mbili.

Hotuba yangu ilikuwa na kurasa nne. Niliiweka chini. Nikawasimulia haya niliyokusimulia wewe, korido na yote. Kisha nikawaambia kila mmoja amgeukie aliye kando yake, amwambie jambo moja dogo atakalofanya kesho asubuhi, na si kazi anayotaka kuwa nayo akiwa mkubwa. Kwanza walichekacheka, wakasukumana. Baadaye ukumbi ukajaa zile kelele za watu wanaoelewana. Nikamsikia jirani wa yule msichana, mvivu kwa kumtazama tu, akimwambia, "Manze, saa kumi na mbili nakupigia. Usiposhika simu nakuja hadi kwenu nagonga mlango, mathe wako akasirike."

"Kuja basi," akajibiwa. "Nione kama utaamka."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Enzi zetu aibu ilisomwa hadharani, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, na ilikuwa ukatili, sitasema vinginevyo. Lakini ikisomwa, uligeuka ukaona wengine kumi wamesimama nayo kama wewe. Watoto wa leo wanaletewa yao kimyakimya, kwenye kioo cha simu, kila mmoja ndani ya chumba chake, na kila mmoja anadhani ni yeye tu. Tumewapa kila kitu, tukawanyima ukuta wa kukutania Jumamosi. Basi ninyi wenzangu mliokalia saruji ya korido mkakataa kuondoka, shule zimefungwa wiki hii. Kuna mtoto kwenye ploti yako amefuta ujumbe na amenyamaza. Gonga mlango.